Johannes Rebmann wa Rabai: Unyenyekevu na Imani katika Maisha ya Mtunga Kamusi

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili katika vyuo vyetu vikuu hana budi kukutana na jina la Johann Ludwig Krapf. Humkuta katika somo la historia ya lugha, humkuta tena katika leksikografia, na kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882 hurejelewa kila msamiati wa Kimvita unapojadiliwa. Mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, hutajwa kwa nadra. Akitajwa, huwa ni katika somo jingine kabisa, yaani historia ya shule ya msingi, ambako watoto hufundishwa kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuiona theluji ya Kilimanjaro. Baada ya hapo hutoweka. Ilhali Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kuondoka 1853, tena akiwa na safari ya Ulaya katikati, Rebmann alifika 1846 na hakurudi kwao hadi 1875. Hiyo ni miaka 29. Katika muda huo wote hakuwahi kwenda Ulaya hata mara moja, si kwa likizo, si kwa matibabu, wala si kwa kujitetea alipodhihakiwa na wataalamu wa London.

Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha ya mtu huyu kwa kuzingatia jambo moja ambalo waumini hulisema sana na kulipima kidogo, nalo ni unyenyekevu. Neno lenyewe limetumika mno hata likachakaa. Mara nyingi humaanisha tu sauti ya chini na kichwa kilichoinama kanisani. Unyenyekevu wa Rebmann haukuwa wa namna hiyo. Alikuwa mtu mgumu, mwenye msimamo, na pengine mkaidi. Hata hivyo alikubali kitu ambacho wengi wa rika lake hawakukikubali: kuwa mwanafunzi maisha yake yote, tena mwanafunzi wa watu ambao ulimwengu wa wakati wake haukuwahesabu kuwa walimu.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Eneo hilo lilikuwa limeathiriwa sana na vuguvugu la Upietisti, mkondo wa Kilutheri uliosisitiza toba ya moyoni, usomaji wa Biblia majumbani na maisha ya kujinyima kuliko fahari za ibada. Kijana aliyelelewa katika mazingira hayo hufundishwa mapema kwamba jina lake si kitu. Alisomea umishenari katika chuo cha Basel nchini Uswisi, kisha akapelekwa Islington, London, katika chuo cha shirika la CMS, ambalo wakati huo lilikuwa likiwachukua Wajerumani wengi kwa sababu Waingereza waliojitolea walikuwa wachache. Aliwekewa mikono ya ukasisi mwaka 1845 na mwezi Juni mwaka uliofuata akatia nanga Mombasa.

Aliyempokea alikuwa Krapf, mjane na mgonjwa. Miaka miwili kabla, mwezi Julai 1844, mkewe Rosine alikuwa amefariki Mombasa, na mtoto wao mchanga naye akafa. Wanaume hao wawili, mmoja akitokwa na majonzi na mwingine akianza kuzifahamu homa za pwani, waliomba ruhusa kwa wazee wa Rabai, yapata kilomita 20 kutoka Mombasa, wapewe mahali pa kujenga. Wazee walikubali. Tarehe 25 Agosti 1846 wamishenari walipanda kilima kwenda kuanza makao mapya huku wote wawili wakitetemeka kwa homa, wakiwa na nguvu haba za kutembea. Ndivyo kituo cha kwanza cha umishenari wa Kiprotestanti katika nchi inayoitwa leo Kenya kilivyoanza.

Ni vyema kukumbuka ni nani aliyekuwa mwenyeji hapo. Warabai ni mojawapo ya jamii za Wamijikenda, na katika karne ya 19 watu wa pwani waliwaita Wanyika, jina lililobeba dharau ya watu wa mjini kwa watu wa porini. Wamishenari waliliokota jina hilo bila kulihoji, wakaiita lugha yao Kinyika. Vilevile, waliyoyaandika kuhusu ngoma, mazishi na ibada za kaya yamejaa hukumu kali ambazo msomaji wa leo hawezi kuzipitia bila kukunja uso. Rebmann hakuwa tofauti. Tukitaka kumsifu kwa haki, yatupasa kukiri kwamba unyenyekevu wake ulikuwa na mpaka: aliweza kuketi miguuni pa watu hawa ajifunze maneno yao, lakini hakuona kwamba dini yao nayo ilikuwa na la kumfunza.

Safari zilizompa umaarufu zilichukua sehemu ndogo mno ya maisha yake, chini ya miaka miwili. Mwishoni mwa 1847 alikwenda Kasigau katika nchi ya Wataita. Tarehe 27 Aprili 1848 aliondoka Rabai kuelekea Uchagani akiwa na wapagazi wachache na kiongozi wa msafara, Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu uliokuwa mbele yao. Alimwuliza kiongozi wake ni nini kile. Kiongozi hakuwa na jina la kitu hicho ila alijua sifa yake, hivyo akajibu kwa neno moja: baridi. Kwetu sisi wanaisimu kisa hiki kina utamu wake. Mtu anasimama mbele ya kitu ambacho lugha yake ya kila siku haina haja ya kukiita, naye anakiita kwa namna kinavyoihisi ngozi. Rebmann, aliyekulia kwenye theluji, alilielewa jibu hilo papo hapo. Katika shajara yake aliandika kwamba baada ya hapo aliketi kupumzika akasoma Zaburi ya 111, zaburi inayozisifu kazi za Mungu.

Hakudai kwamba amegundua mlima. Wachaga walikuwa wakiishi kwenye miteremko yake kwa karne nyingi, na habari za kile kitu cheupe kinachogeuka maji zilikuwa zimekwisha kumfikia Rebmann kupitia wenyeji wenyewe. Alichofanya ni kuandika alichokiona na kupeleka London. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1849 katika jarida la CMS, na hapo ndipo matata yalipoanza.

Mjini London aliishi mwanajiografia mmoja aliyeitwa William Desborough Cooley. Hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, lakini alikuwa amesoma kila kilichoandikwa kuihusu na aliheshimiwa kwa hilo. Cooley alishikilia kuwa theluji haiwezi kudumu karibu na ikweta, na katika kitabu chake cha mwaka 1852 aliushambulia ushahidi wa Rebmann kama ndoto za mtu asiyejua anachokitazama. Krapf, ambaye mwaka 1849 aliuona mwenyewe mlima Kilimanjaro na baadaye Mlima Kenya, alimuunga mkono mwenzake. Haikusaidia sana. Mtaalamu wa maktabani aliaminiwa kuliko mashahidi wawili.

Rebmann alikuwa amekwenda tena Uchagani mara mbili. Katika safari ya pili, iliyoanza Novemba 1848, alifika Machame kwa Mangi Mamkinga na kupokelewa vizuri. Ile ya tatu, ya mwaka 1849, ilikusudiwa kumfikisha hadi Unyamwezi. Iliishia Machame. Mamkinga alimnyang'anya bidhaa alizokuwa amezichukua kwa safari ndefu, na Rebmann akarudi Rabai mgonjwa na mikono mitupu. Tangu siku hiyo hakuuendea tena mlima. Wakati Cooley alipokuwa akimcheka, angaliweza kuomba fedha, apande, alete ushahidi usiopingika na kulinusuru jina lake. Hakufanya hivyo. Kazi hiyo ilifanywa na Baron Karl Klaus von der Decken, aliyeupanda mlima sehemu fulani mwaka 1861 akiwa na mwanajiolojia Richard Thornton, na tena mwaka 1862 akiwa na Otto Kersten. Theluji ilikuwako. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku von der Decken nishani ya dhahabu. Rebmann wakati huo alikuwa Rabai akiandika maneno.

Hapa ndipo baadhi ya wanaomsimulia humwacha, kana kwamba maisha yake yalikwisha pale sifa zilipokwisha. Kwa maoni yangu, ndipo yalipoanza.

Kati ya 1850 na 1853 palizuka tofauti baina yake na Krapf, na tofauti hiyo inaeleza mengi. Krapf alikuwa mtu wa ndoto kubwa. Alitaka mlolongo wa vituo vya umishenari uivuke Afrika kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi, na kila mmishenari mpya aliyefika alitaka kumsukuma mbele zaidi. Rebmann aliona kwamba hiyo ni kujenga dari kabla ya msingi. Alidai kwamba mtu hawezi kuhubiri kwa lugha asiyoijua, wala hawezi kuijua lugha kwa kupita. Aliamini kwamba kazi ya kwanza ni kukaa. Wanahistoria wengine wamemwona kuwa mwoga au mvivu kwa kauli hiyo, wakimlinganisha na mwenzake mwenye maono. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Rebmann aliinama. Krapf aliondoka 1853 kwa sababu ya afya. Mwenzao mwingine, Jakob Erhardt, naye aliondoka katikati ya miaka hiyo ya 1850. Aliyebaki ni Rebmann na mkewe Emma, Mwingereza aliyemwoa Misri mwaka 1851. Mtoto wao alifariki angali mchanga.

Kabla ya kuondoka, Erhardt alikuwa ameshirikiana na Rebmann katika kazi moja iliyotikisa Ulaya. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakiwahoji wafanyabiashara wa misafara, mmoja mmoja, kuhusu njia za bara. Waligundua kwamba wasafiri wa njia tofauti, walioanzia bandari mbalimbali za pwani, wote walizungumzia maji makubwa mwishoni mwa safari. Wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, ikachapishwa 1855 na 1856. Ramani ilikuwa na kosa: ziwa hilo moja lilikuwa kwa kweli maziwa matatu, Victoria, Tanganyika na Nyasa, yaliyounganishwa. Hata hivyo ilionyesha kwamba ndani ya bara hamkuwa na jangwa tupu kama ilivyodhaniwa, na ilichangia sana kupelekwa kwa Richard Burton na John Hanning Speke mwaka uliofuata. Wapelelezi hao wawili walimtembelea Rebmann Januari 1857, na palikuwa na mpango kwamba aandamane nao. Alikataa. Burton, mtu mwenye ulimi mkali, hakuwa na muda wa wamishenari, na Rebmann naye hakuwa na hamu ya msafara wa wapelelezi. Muda mfupi baadaye Wamaasai waliivamia nchi ya Warabai, kituo kikaharibiwa, na Rebmann na mkewe wakalazimika kukimbilia Unguja kwa muda. Mambo yalipotulia walirudi mahali pale pale.

Turudi kwenye maneno, maana humo ndimo alimoweka umri wake. Rebmann alikusanya msamiati wa lugha tatu kwa pamoja: Kinyika, yaani Kirabai, Kiswahili cha Mombasa, na Kiniassa, lugha ya nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa, ambayo leo tunaifahamu kwa jina la Chichewa au Chinyanja. Hiyo ya tatu ndiyo inayostaajabisha zaidi, kwa kuwa Rebmann hakuwahi kukanyaga nchi hiyo. Mwalimu wake aliishi Mombasa. Aliitwa Salimini. Alizaliwa katika nchi iliyo magharibi ya Ziwa Nyasa, akatekwa, akauzwa, na njia ndefu ya watumwa ikamtema pwani.

Hebu msomaji aitazame picha hiyo. Kasisi aliyesomea Basel na London, raia wa ulimwengu uliokuwa ukijiandaa kuitawala Afrika, ameketi na kalamu mkononi. Mbele yake ameketi mtumwa. Anayeuliza ni kasisi, anayejua ni mtumwa. Lugha waliyokutana ndani yake ni Kiswahili, lugha ya kwanza ya hakuna hata mmoja wao. Wanaulizana jina la kila chombo cha nyumbani, kila hatua ya kilimo, kila jamaa wa ukoo, na Salimini analazimika kuirudia kwa kumbukumbu nyumba ambayo hatairudia kwa miguu. Hawakufanya hivyo siku moja wala mwezi mmoja. Kamusi iliyotokana na vikao hivyo haina visawe vitupu. Imejaa maelezo ya desturi na maisha ya nyumbani kwa Salimini, kwa kuwa Rebmann hakuridhika kuandika neno bila kuelewa kitu kinachotajwa na namna watu wanavyokitumia.

Wanaleksikografia wa kisasa wangeuita mtindo huu kwa majina makubwa ya kinadharia. Kwa Rebmann ulikuwa tawi la imani yake. Aliamini kwamba Neno la Mungu litaingia katika lugha hizi siku moja, naye hakujua lini wala kwa mkono wa nani. Kwa hivyo aliona ni wajibu wake kuitengeneza njia hata kama hataipita mwenyewe. Yapo mambo mawili hapa ambayo hayana budi kusemwa pamoja. La kwanza ni kwamba jina la Salimini halimo kwenye ukurasa wa mbele wa kamusi iliyojaa maneno yake. La pili ni kwamba tunalijua jina hilo kwa sababu Rebmann hakulificha, tofauti na wakusanyaji wengi wa zama zake waliowachukua wasaidizi wao kama visima visivyo na jina.

Na je, mavuno ya kanisa? Yalikuwa haba kupindukia. Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe, mlemavu maskini, ambaye Krapf alimbatiza akiwa kitandani pa mauti. Baadaye alikuja mzee Abe Gunja na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la Isaac. Kufikia miaka ya 1870, baada ya zaidi ya robo karne, waumini wa Rabai waliweza kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1864 walifika vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik nchini India, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler, ambao mwaka 1885 wangewekewa mikono kuwa mashemasi. Ushirika huo ulileta nguvu mpya, lakini hata wao walimkuta mzee aliyezama katika daftari zake. Wapo waliomlaumu kwa wazi kwamba ameyageuza maneno kuwa kimbilio, na kwamba kamusi imelimeza kanisa. Lawama hiyo haikukosa ukweli. Alizirekebisha hati zake tena na tena, na kwa miaka mingi hakuziachilia ziende kwa mchapishaji. Mtu mnyenyekevu pia anaweza kukawia mno, na msomi wa leo mwenye tasnifu isiyokwisha atamwelewa haraka.

Emma alifariki mwaka 1866. Rebmann alikuwa na miaka 46, hana mtoto, hana mwenzi, na macho yameanza kumsaliti. Shirika lake lilikuwa limekwisha kukata tamaa na kituo cha Rabai kwa kiasi kikubwa. Kurudi nyumbani kungekuwa jambo la heshima na hakuna ambaye angemlaumu. Alikaa miaka mingine tisa.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alikuja Unguja kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Katika ziara yake alifika pia Mombasa na kumkuta Rebmann akiwa karibu kipofu, angali anashughulikia kamusi. Kuna kejeli ya majaliwa hapa ambayo siwezi kuipita. Mtu ambaye wasomi wa London waliyatilia shaka macho yake alipoona theluji, sasa macho hayo yalikuwa yamezimika kweli, na theluji ilikuwa imethibitishwa na wengine. Ripoti za Frere zilisaidia kuwageuza CMS. Waliamua kuanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa, na mwaka 1875 kasisi W. S. Price akaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mamia ya watu waliokombolewa walipewa makao huko na Rabai pia. Kituo alichokilinda Rebmann kwa upweke kilijaa watu katika mwaka ule ule alioondoka.

Maana aliondoka hatimaye, mwaka 1875. Hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono kutoka Rabai hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Katika historia ya umishenari tumezoea picha ya Mzungu anayemwongoza Mwafrika. Katika safari hii Mrabai ndiye aliyekuwa na macho.

Rebmann alikwenda kuishi Korntal, kijiji cha Wapietisti kisicho mbali na alikozaliwa, ambako Krapf naye alikuwa akiishi. Wazee hao wawili waliotofautiana Rabai zaidi ya miaka ishirini nyuma wakawa majirani. Mapema mwaka 1876 Rebmann alioa tena, akamwoa Louise Däuble, mwanamke wa familia ya wamishenari. Mwaka huo huo tafsiri yake ya Injili ya Luka katika Kiswahili cha Mombasa ilichapishwa St. Chrischona karibu na Basel. Tarehe 4 Oktoba 1876 alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 56.

Tafsiri hiyo haikuishi muda mrefu katika matumizi. Askofu Edward Steere wa Unguja alikuwa amekwisha kuchapisha mwongozo wake wa Kiunguja mwaka 1870, na mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, maandishi ya Kimvita ya kina Krapf na Rebmann yalisukumwa kando. Mtafiti wa lahaja anayetaka kujua Kimvita kiliandikwaje katikati ya karne ya 19 bado ana haja nayo.

Kamusi ya Kiniassa ilikuwa na bahati nyingine. Krapf aliichukua miswada ya mwenzake, akaihariri, na ikatoka mwaka 1877. Wakati huo wamishenari kutoka Uskoti walikuwa ndiyo kwanza wamefika Nyasa: Livingstonia ilianzishwa 1875 na Blantyre 1876. Walikuta maneno ya nchi hiyo yamekwisha kuchapwa, yaliyokusanywa karibu na Mombasa kutoka kinywani mwa mtu aliyeondolewa humo kwa nguvu.

Krapf mwenyewe alifariki Novemba 1881, mwaka mmoja kabla ya kamusi yake kubwa ya Kiswahili kutoka. Ile ya Kinyika, ambayo kila mmoja wao aliichangia kwa miaka mingi, ilihaririwa na mmishenari mwingine wa CMS, T. H. Sparshott, na kuchapishwa London mwaka 1887. Majina ya marehemu hao wawili yamewekwa pamoja kwenye ukurasa wake wa mbele, la Krapf likitangulia.